Jeni ya Kathure si ya mwani

Gladys. Gladys, soma hii ukiwa umekaa.

Ile jeni ya Kathure si ya mwani.

Miaka tisa! Ile jeni aliyosema ameitoa kwa mwani wa baharini, ati ndiyo ingesaidia ndengu za Gachoka kuvumilia kiangazi. Si ya mwani. Ni ya bakteria waliokuwa wamejishikiza kwa huo mwani.

Leo alikuwa anaeleza utafiti wake hapa Embu, ukumbi umejaa. Maxine, mwanafunzi wake, akainua mkono. Akasema polepole, "Daktari, nimeilinganisha na jeni za bakteria. Zinafanana kabisa."

Kathure hakubisha. Akalinganisha palepale kwa kompyuta, sisi wote tukiangalia kwenye skrini ukutani. Majibu yakatoka. Bakteria, bakteria, bakteria.

Akasema, "Uko sawa, Maxine."

Hivyo tu! Uko sawa. Kama mtu ameulizwa saa.

Nikamfuata ofisini nikidhani atalia. Wapi! Alikuwa ameshaanza kuandikia jarida waondoe makala yake, ile iliyompatia udaktari. Akaniuliza jina la pili la Maxine, ndio aandike ni nani aligundua kosa. Nikamwambia angoje hata kesho.

Akasema, "Kesho nitakuwa nimeanza kuhisi uchungu, na nitaogopa."

Halafu mamake akapiga simu kutoka Laare, akauliza kama watu walimsikiliza.

"Ee, mami. Walinisikiliza vizuri."

Akakata simu, akaituma ile barua.