Mashine Iliyokataa Kuwaka

Goma, 4 Machi 2024
Mdogo wangu Kambere,
Salamu nyingi kutoka kwa dada yako mkubwa, hapa Murara. Sisi wazima, ila mama analalamikia goti. Nairobi mwaamkaje?
Jana ile mashine uliyotuwekea maternite, hapa wodi ya wajawazito, ilikataa kuwaka. Umeme ulikatika, ukarudi, Aubin anayeishughulikia akaja mbio: "Mama Kahindo, masini inakatala!" Orodha ya mifuko ya damu imo ndani, na mzazi mmoja, Umuhire, anavuja damu mezani. Nilipekua friji kwa mkono, mfuko mmoja mmoja. Amepona. Kosa ni nini?
Yaya wako

Nairobi, 6 Machi
Yaya mpendwa,
Poleni sana. Mimi ni mzima. Mama apake dawa.
Kompyuta yenu inabeba mashine kadhaa za ndani, zikigawana kumbukumbu moja iliyokatwa vipande. Mashine ikipewa vipande vikubwa huenda haraka, lakini vinataka nafasi iliyo wazi mfululizo. Mpangilio huo ninaubuni mimi hapa kazini, na nimeandika: vikubwa tu. Umeme uliporudi, mashine nyingine ziliwahi nafasi, ile yenye orodha ya damu ikakosa. Afadhali ikatae kuliko ijikokote bila mtu kujua. Ijumaa nauwasilisha kwa bosi hivyo hivyo. Ninyi muwashe ya damu kwanza.
Mdogo wako

Goma, 9 Machi
Kambere,
Mwili mzima, roho ndiyo imechafuka. Afadhali ikatae? Mjamzito akikosa chumba, tunampa kitanda hata kwenye korido, na tunamwambia ukweli kwamba pana kelele. Hatumrudishi kwao Kibati. Huku umeme unakatika kila siku. Nimerudi kuandika mifuko ya damu kwenye daftari langu. Kama huna la maana, usinijibu.
Yaya wako

Nairobi, 2 Aprili
Yaya,
Natumaini goti la mama limepoa. Nilinuna, nisamehe. Ijumaa ile sikuwasilisha kitu.
Sasa machaguo ni matatu: vipande vidogo, vikubwa tu, au vikubwa vikipatikana, vikikosekana vidogo. Asiyechagua anapata hilo la mwisho, na skrini inamwambia wazi kwamba mashine itaenda polepole, na kwa nini. Bosi wangu Cédrick aliuliza nani atalihitaji. Nikamsomea barua yako. Aubin nimemwelekeza namna ya kubadilisha.
Mdogo wako

Goma, 20 Aprili
Mdogo wangu,
Mama anakusalimu, anatembea mpaka sokoni. Jana umeme ulikatika mara tatu, na mashine ikawaka mara tatu. Mara ya mwisho iliandika kwamba itachelewa, na kweli ilijikokota, lakini orodha ya damu tuliiona kabla mgonjwa aliyetoka Kalengera hajapandishwa mezani.
Nilikukasirikia sana. Imekwisha. Daftari bado naliandika kila asubuhi. Usiniulize nitaliacha lini.
Yaya wako