Siku Esanse Ilikataa Kupanda

Mama yangu mupenzi,

Mungu akuamushe muzima kule Ngungu. Kifua ingali inakuuma, ao dawa ilisaidia? Na maharagi imetoa maua? Mimi niko muzima hapa Mpofi. Ukungu inashuka kwa miti mpaka mulango ya garaji, na mara mingi nikilala chini ya gari ninaona milima yetu sawa mu ndoto, macho wazi.

Juma iliyopita waliniletea gari ya jipu yenye ilikuwa inapeleka bibi arusi. Jina yake Furaha, mutoto wa hapa, anaenda kuolewa kwetu Ngungu. Jipu ilikuwa inazimika kila kilima. Nikawaza esanse, mafuta ya gari, inapanda kwa moteri bila nguvu. Shofere akashika ufunguo ya kulegeza bomba ya esanse: "Kaka, tulegeze tiyo tuone. Harusi iko kesho!"

Nikamushika mukono. Moteri ilikuwa ya moto sana, na ndani ya tiyo esanse inabakia imebanwa hata ukizima gari. Ukiifungua vile, itakurukia machoni, na ikigusa chuma ya moto tunaungua wote.

"Papa, tungoje ipoe," nikamuambia.

"Mpaka saa ngapi? Utaharibu ndoa ya watu!"

Niliogopa, Mama. Lakini Furaha akashuka, akaikala juu ya tairi ya zamani. "Tungoje. Kaka, wanasema wewe ni wa Ngungu, njo kwenu kule? Niambie iko namna gani. Mimi sijafika."

Nikamuambia. Baridi ya asubui. Mashamba yenye inapanda mulima mpaka inagusa mawingu. Ng'ombe za malisho yetu zikitoka mu ukungu moja moja, polepole, sawa vile zinatoka mu maji. Akafunga macho. Shofere naye akazima sigara, akasikiliza.

"Na watu?" akauliza.

"Watakuzoea mbio."

Sijui tulikaa muda gani. Nilipogusa moteri, ilikuwa baridi. Nikakata umeme ya pompe yenye inasukuma esanse, nikawasha gari. Gari ikakohoa, ikazimika, njo nikajua esanse imeshuka nguvu. Nikatoa waya ya batri, nikazungusha kitambaa kwa tiyo, nikalegeza pole. Matone tu. Nikafunga manometre, ile saa ya kupima nguvu, nikarudisha umeme. Sindano ikapanda kidogo, ikachoka. Nikawaza filtre, ile kichujio ya esanse, imeziba. Nikashusha nguvu tena vile vile, nikaitoa: imejaa matope! Nikaweka ya mupya, nikapima. Sindano ikapanda mpaka mahali yake, ikatulia. Hakuna tone inje. Shofere akanipa mukono.

Furaha akauliza: "Nikifika, nisalimie nani?"

Nikamupa jina yako. Kule hana mama, Mama. Akipiga hodi, umuingize karibu na moto, umuonyeshe kwenye tunachota maji. Umuite mutoto yako, mimi nitafurahi.

Unisalimie dada yangu mukubwa wa sokoni, mujomba mwenye anachunga ng'ombe, na pasta wetu.

Ni mimi mutoto yako mwenye anakuwaza kila siku,
Bahati