Visahani Vilivyopasuka kwa Baridi

Jumatatu

Wewe uliyefungua daftari hili, nakusihi, usimwambie mtu hata neno moja.

Visahani vya kurusha hewani tulivyomuuzia komanda wa askari wa hapa Butembo, kwa mchezo wake wa kulenga shabaha, vinapasuka. Mimi ndiye niliyevipima kule Beni, kwenye joto la mchana. Plastiki ya bei ndogo ilikunjika bila kuvunjika, nikasema inatosha. Sikukumbuka baridi ya Butembo. Asubuhi hii komanda alitupa kimoja, kikagonga mkaratusi, kikapasuka kama kikombe. Kingine alichokuwa nacho, cha plastiki laini ya bei kubwa, kiligonga mti uleule kikaruka tu.

"Karani, umeuzia mukubwa biskuti!" patron, tajiri wangu, akaniambia. "Kesho utamufasiria wewe mwenyewe."

Kukimbia siwezi. Barabara inalindwa na askari wake.

Nisiporudi, muulizie dada yangu Kavira mtaani Mususa, umpe yeye tu daftari hili: mlango wa bluu nyuma ya kanisa. Bisha polepole, anaogopa.