Alama ya Upande wa Muto

Runingu, tarehe 9 Februari 1959

Kwako mutoto wangu Jean-Berchmans, kule Elisabethville,

Ninakushika mukono kutoka huku mbali. Uko muzima? Unakula ukashiba? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona? Sisi hapa tuko, Mungu anatushikilia. Mama yako Pudentienne iko na nguvu, ni mugongo tu unamuuma akiinama kwenye muhogo. Minye magoti yanalia, lakini meno yote iko. Wazee wenzangu wanalowesha mahindi ya kuchoma ndani ya maji, minye ninayavunja makavu.

Barua hii ninaandika kwa mukono wangu. Katekista Libérat alitaka kuniandikia kama siku zote, nikakataa. Akasema, muzee, herufi zako zinalala barabarani kama walevi. Nikamwambia ziache zilale, zitafika. Nimetumia siku ine, na bahasha nitaifunga mwenyewe.

Ile yako Libérat aliisoma kisha misa, mbele ya watu wote, na minye nilinyoosha shingo. Unasema mwaka huu munajifunza sheria ya muntu kulipa hasara aliyomuletea mwenzake. Unasema profesere ameagiza kila mwanafunzi alete kesi moja ya kwao, na weye umechagua kesi ya shimo la kiboko, ile niliyoikata miaka kumi na nane iliyopita. Mwisho wa mwezi utaisoma mbele ya shule nzima, uwaonyeshe kwamba baba yako hakufungua hata siku moja kitabu cha sheria, lakini aliamua sawasawa na kitabu. Watu walipiga makofi. Hata wale wasionipenda walipiga.

Na kweli kukata maneno nilijua. Miaka makumi mbili na mbili nilikaa barazani, na muongo nilimutambua kwa namna anavyomeza mate. Lakini wenzako hawajui inchi yetu, basi uwaelezee vizuri. Viboko wanapanda kutoka muto Ruzizi wanamaliza shamba zima. Kwa hiyo muntu anachimba shimo mahali njia yao inakata njia ya watu, anasimamisha miti yenye ncha ndani, anafunika na majani. Desturi inamuambia apande alama mbili, moja kila upande: muti wenye fungu la matete limefungwa juu. Ukiliona, unazunguka kwa kando. Mutoto mudogo anajua.

Shimo lilikuwa la Nkeshimana. Muke mumoja wa Nyakabere, jina lake Kankindi, alikuja kumuona dada yake aliyezaa. Alitokea upande wa muto, akaanguka ndani, akafa. Watu walipofika, alama ya upande wa kijiji ilikuwepo. Ya upande wa muto haikuwepo. Nkeshimana aliapa kwamba alipanda zote mbili. Minye nikamuuliza, kama ulipanda mbili, ile ingine ilienda wapi, ilisikia njaa ikaenda kutafuta chakula? Baraza nzima ilicheka. Nikasema weye ulilinda watu wa nyumba yako, wageni ukawaacha wafe. Alitoa ngombe, alinyanganywa shamba, na watu wakamupa jina la Alama Moja. Watoto walimuita vile njiani. Mwaka haukuisha, akapanda mulimani Bijombo kuchunga ngombe za wengine. Nasikia angali huko, na macho yamekufa.

Ile njo hadithi unayoijua. Nimeisimulia kwenye pombe mara nyingi, na kila mara walicheka pale pa njaa.

Sasa, kisha watu kuondoka, nilikaa na barua yako, nikaisoma tena polepole, kidole juu ya kila neno. Mwishoni unasema kosa halihitaji roho mbaya, hata uzembe unatosha. Halafu unaniuliza kitu kimoja, kwa heshima: baba, baraza iliuliza kama kuna muntu mwingine aliyegusa ile alama?

Mutoto wangu, hakuna aliyeuliza. Muulizaji alikuwa minye.

Nyuma ya mulango wetu kuna fimbo. Unaijua, ulikuwa unaipanda kama punda. Muchwa umekula ile mulango mara mbili tukaweka ingine, fimbo haujaigusa. Mwaka ule wa mafuriko niliitupa mutoni, katikati, maji ikaichukua. Kisha siku tatu mama yako alirudi na mutungi kichwani na fimbo mukononi. Akasema, muzee, unapoteza vitu vyako, nimeikuta ndani ya matete inakungojea. Alicheka. Minye nilikaa chini.

Juu ya muti wake, ukipitisha kidole, utasikia mahali kamba ya matete ilikuwa imekaza.

Siku ile nilikuwa ninaenda Uvira, Bwana Administratere anivike medali yangu ya baraza. Mama yako alikuwa amefua nguo zangu nyeupe, amezipiga pasi ya makaa. Mvua ilikuwa imenyesha, muto umejaa, na minye sikutaka matope hata tone. Nilizunguka shimo vizuri, nikaona ile alama ya upande wa muto imesimama imara. Nikaingoa. Nikatupa matete, nikapima maji na ule muti, nikavuka bila nguo kuchafuka. Nilisema nitairudisha nikirudi.

Ngambo nilikutana na Kankindi, kikapu cha ndizi kichwani. Alinipisha, akasema, muzee, uko safi kama padiri. Ilinifurahisha sana. Akaniuliza, njia ya mbele iko muzuri? Minye, na muti ule mukononi, nikamujibu iko muzuri, mama, pita tu. Sikufikiri. Nilikuwa ninafikiria medali.

Ninamukuta pale tangu siku ile, saa sita, jua likiwa juu ya utosi, na hakuna kivuli chini yake. Hanitukani. Hata kilio hana. Ananiuliza tu kama njia iko muzuri, na minye ninapita nimefunga kinywa, muntu muzima, mwamuzi wa watu.

Sasa usikilize. Ile karatasi yako usiisome vile ulivyoiandika. Jina langu ulitoe pale penye sifa, uliweke penye jina la Nkeshimana, na yeye umuweke mahali pa muntu aliyeapa kweli. Kama utasikia haya mbele ya wenzako, uisikie, ni ya kwangu hiyo, umenibebea kidogo tu. Siku ya kwanza ya juma lijalo ninapanda Bijombo. Libérat anasema magoti hayatafika. Yatafika. Nitamupa Nkeshimana fimbo yake mukononi, aipapase mwenyewe palipofungwa kamba, halafu tushuke wote wawili barazani nikaseme. Wakiniita nijibu, na weye ukiwa umeshakuwa muntu wa sheria, usije kunitetea. Mama yako hajui bado. Atajua kabla sijatoka.

Anakusalimia, anasema ununue koti. Dada yako Sabine anakusalimia, amezaa mutoto muke. Libérat anakusalimia, na amekasirika juu ya bahasha.

Na Kankindi. Jana saa sita alikuwa pale pale, na kikapu chake. Akaniuliza. Mara hii nilisimama, nikamujibu: ngoja, mama, usipite.

Minye baba yako,
Nyandwi