Hatua Thelathini za Mwisho

Jumanne, La Paz

Nimejiaibisha leo, na kosa ni la mdomo wangu. Tukiwa garini kwenda mlima Chacaltaya, nilimwambia Rosa, dada anayetutembeza sisi watalii, asihangaike na mimi. Mimi ni mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro iko nyuma ya nyumba yetu!

Gari lilipoishia tukaanza kutembea. Kumbe miaka tisa ya kuishi Columbus, Marekani, kule tambarare kama meza, imenitoa milima yote mwilini. Kichwa kikanigonga, pumzi zikaniishia. Zikiwa zimebaki hatua kama thelathini, nikakaa juu ya jiwe, na mkononi nina chupa ya maji tu.

Nikamkumbuka baba. Yeye alipanda miaka na miaka na mizigo ya watalii kichwani. Sisi watoto tulisubiri chokoleti walizombakizia. Hakuna aliyewahi kumuuliza habari za kule juu.

Tuliposhuka nikampigia.

"Baba, kileleni kukoje?"

"Sijui, mwanangu. Sisi wapagazi tulikuwa tunaishia kambini, tunawasubiri washuke."

Umri wote huu, sikujua.

Nikamweleza habari za lile jiwe, nikidhani atacheka. Hakucheka. Akauliza upepo ulitoka wapi, mawe yana rangi gani, kama barafu bado ipo. Kisha akasema, "Rudi ukafike, halafu unisimulie."

Nimeshamwambia Rosa kwamba kesho tunarudi. Tangu niende Marekani, baba hajawahi kuniomba kitu.