Mlaso wa Novemba 1918

Plumstead,
London SE18.
Alhamisi, 6 Novemba 2025

Mpendwa Mama Mkubwa Aikaeli,

Shikamoo. Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi, ambako saa kumi na moja ya jioni giza limeshatanda na mtu anatamani kulala na kuku. Hujambo lakini? Magoti yanaendeleaje? Na ile dawa ya presha, unaimeza au unaificha chini ya godoro? Nakujua. Mwanao Godson aliniambia kahawa imekubali mwaka huu na kwamba ulisimama mwenyewe kibarazani kuwakemea wachumaji. Nilicheka peke yangu kwenye basi, nikasema basi mama yetu mzima.

Sisi huku hatujambo, lakini ni hatujambo ya mdomoni. Nina hofu, Mama Mkubwa. Nitakueleza.

Barua hii nitampa Philemon, yule kijana wa kwa Mzee Swai tunayesali naye Woolwich. Anakuja nyumbani likizo, anaondoka Jumapili. Usishangae kwa nini naandika na simu zipo. Simu yako inashikwa na mke wa Godson, na kwa kuwa sikio lako limechoka, anaiwekea sauti ya juu mpaka wapita njia wanaokwenda dukani wanatusikia. Hili ni la kwako na mimi tu. Biblia unasoma mwenyewe kila asubuhi, basi na hii isome mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa.

Mjukuu wako Anaeli atajifungua mwishoni mwa mwezi huu. Mtoto anacheza vizuri, tumbo halina neno. Shida ni damu. Inamtoka puani bila sababu. Akipiga mswaki anatema nyekundu. Akijigonga mlangoni kidogo tu anapata alama nyeusi isiyoondoka upesi. Mimi nilikuwa naona ni kawaida, maana nami ndivyo nilivyo, na marehemu mama yangu, mdogo wako, alikuwa hivyohivyo. Mkunga hakuona kawaida. Alimpeleka kwa daktari bingwa wa damu, na daktari akaomba na mimi niingie.

Ni mama wa makamo, mpole, anauliza taratibu kama anayemtoa mtoto mwiba. Akauliza kama katika ukoo wetu kuna mwanamke aliyewahi kutokwa damu nyingi wakati wa kuzaa. Nikamwambia mimi mwenyewe nilipomzaa Anaeli kule Moshi niliongezewa damu, ila waliniambia ni upungufu wa damu tu. Akauliza walionitangulia. Nikamjibu kama nilivyosikia tangu utoto: Mama Mdogo Elifrida alikufa kwa malaria akiwa uzazini. Mkunde, aliyemzaa Bibi Ndeanasia mama yenu, alikufa kwa homa kubwa ya mwaka 1918. Akaandika.

Kisha akanieleza kitu ambacho kimeninyima usingizi. Vipimo vya damu wakati wa ujauzito vinaweza kuonyesha kila kitu ni sawa kumbe si sawa, kwa hiyo neno la familia lina uzito mkubwa. Kama ni ugonjwa wa ukoo wanajiandaa mapema: dawa ya kugandisha damu inakaa tayari, sindano ya ganzi ya mgongoni hawampi, na anazalia hospitali kubwa wataalamu wakiwa karibu. Kama si wa ukoo, anazalia kwenye kituo kidogo cha wakunga alichojichagulia mwenyewe, chenye beseni la maji ya moto na muziki. Anaeli anakitaka hicho kituo kama mtoto anavyotaka nguo ya sikukuu.

Sasa nikueleze la Tom. Mkwe wangu unamkumbuka, yule Mwingereza mrefu uliyemnywesha mbege Krismasi ile akalala kibarazani na viatu. Tom anapenda mambo ya kale kuliko watu walio hai. Na wiki hii London nzima imebandika maua mekundu ya karatasi kwenye makoti kuwakumbuka waliokufa vitani, kwa sababu ile vita ya kwanza iliisha Novemba 1918. Basi Jumanne tukiwa mezani akaanza: baba wa babu yake alirudi mwezi ule akiwa na mkono mmoja, kengele zililia huku mjini, watu wakakumbatiana mitaani, na wakati huohuo homa ilikuwa inawamaliza nyumba kwa nyumba. Kisha akaniuliza, na kwenu mwezi huo kulikuwa na nini?

Nikajivuna, Mama Mkubwa. Nikamsimulia kama unavyotusimulia wewe kila Krismasi, sikuacha hata kikohozi chako. Jinsi Wajerumani walivyokuwa wameshaondoka mlimani na Waingereza wameingia. Jinsi vijana waliochukuliwa kubeba mizigo ya vita walivyosubiriwa na wengi hawakuonekana. Habari ya vita kwisha ilipofika, wazee hawakujua washangilie au walie. Halafu homa ikaingia, watu wakazikwa kwenye migomba bila matanga. Na katikati ya hayo yote, watoto waliozaliwa mwezi ule katika ukoo wetu: yule wa kiume aliyepewa jina la baba asiyerudi, yule wa kike aliyezaliwa mama yake akiwa peke yake shambani kwa sababu nyumbani wote walikuwa wamelala wagonjwa, na wa mwisho, Bibi yetu Ndeanasia. Nikamalizia kama unavyomalizia wewe: siku hiyohiyo Mkunde akashikwa na homa, nyumba tatu zikatoboa ng'ombe shingo, akanyweshwa mlaso mpaka jua likazama, hakupona.

Tom akauliza mlaso ni nini. Nikamweleza kwamba kwetu mwanamke akishajifungua, ng'ombe anapigwa mshale kwenye mshipa wa shingo akiwa hai, damu inakingwa, inachanganywa na maziwa, mzazi anakunywa ili arudishe damu iliyomtoka. Uso ukamkunjamana kidogo, akajikaza. Kisha akauliza, bila nia mbaya, "So you give it for flu as well?" Yaani, hata mwenye homa mnampa?

Nikarudisha kijiko kwenye sahani. Maana hapana. Mwenye homa hapewi mlaso. Toka lini? Na mzazi wa kawaida hupewa damu ya ng'ombe wa mumewe, kibuyu kimoja, basi. Nyumba tatu haziwezi kutoboa ng'ombe zao siku moja kwa ajili ya homa. Nyumba tatu zinatoboa ng'ombe pale mwanamke anapoishiwa damu na watu wanajaribu kumjaza kama mtungi uliopasuka.

Nimeisikia hadithi hiyo maisha yangu yote, mlaso ukiwa umo ndani, na sikuusikia. Anaeli aliniona. Unajua Kiswahili anaelewa chote ila anajibu kwa Kiingereza. "Mum? What's wrong?" Nikamwambia ndizi imenipalia.

Jumamosi, tarehe 8

Naendelea, lakini si nikiwa nyumbani. Naandika nikiwa hospitali, kwenye kiti pembeni ya kitanda cha Anaeli. Asubuhi damu ilimtoka puani ikakataa kukata. Taulo la kwanza likaloa, la pili likaloa. Tom alikuwa anaendesha gari huku anaomba Mungu kwa sauti, na huyo haendi kanisani. Wameizuia, mtoto yuko salama, Anaeli amelala. Watambakiza hapa siku chache. Nikimtazama alivyolala mdomo wazi namwona Mama Mdogo Elifrida kwenye ile picha ya harusi, na naandikia juu ya goti, ndiyo maana mwandiko umeharibika.

Jana nilikupigia. Unakumbuka. Nilikuuliza kwa kuzungukazunguka kuhusu Mkunde, nawe ukanijibu haraka, "Ilikuwa homa, mwanangu. Mwaka ule nani hakufa kwa homa?" Kisha ukaniuliza bei ya ndizi huku, kisha simu ikarudi kwa mke wa Godson. Sikukasirika.

Nadhani najua kwa nini, na ukiona nimekosea unichape nikija. Mabinti walikuwa wanalelewa. Ingejulikana kuwa wanawake wa nyumba ile wanaishiwa damu uzazini, nani angeleta mbege ya posa? Mngezeekea jikoni kwa mama yenu. Na mwezi ule watu walikuwa wanakufa kwa homa kila kona, kwa hiyo ilikuwa rahisi kumweka Mkunde pamoja nao, na Elifrida akaja kuwekwa kwenye malaria. Mlitulinda. Mimi nimeolewa kwa sababu ya uongo huo na nawashukuru. Lakini Anaeli ameshaolewa, Mama Mkubwa, na Tom hawezi kumrudisha kwa sababu ya damu. Yuko hapa, amejikunja kwenye kiti kingine, amelala na koti lenye lile ua jekundu.

Habari ya ng'ombe nimemwambia daktari. Hakucheka. Aliweka kalamu chini akanisikiliza hadi mwisho, akasema inamtia wasiwasi. Ila hiyo ni hadithi ya watu ambao sikuwahi kuwaona, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia mwanzo kwamba ni homa. Anataka neno la mtu aliyeona kwa macho. Na Anaeli akiamka atasema tena kwamba vipimo viko sawa, kwamba mama anaogopa tu, kwamba kituo chake kidogo kinamsubiri. Katikati ya wiki wataamua. Mtu aliyeona ni wewe tu uliyebaki.

Philemon nimemwagiza asikuachie barua na kuondoka. Asubiri nje mpaka umalize kusoma, akusindikize kule nyuma ya zizi ambako hakuna masikio, apige simu yake, aiweke sikioni kwako, yeye asogee mbali. Mimi nitapokea saa yoyote. Hata nikiwa kazini, wazee wangu wa kule nyumba ya wazee watasubiri chai.

Nisalimie Godson na mkewe, mwambie simu yake nzuri ila leo ipumzike. Wasalimie watoto wao wote, na Mchungaji, na majirani wanaoniulizia. Ukienda kwenye kaburi la mama yangu mwambie Haika anakaza moyo. Tom anakusalimia kwa Kichagga alichosahau nusu. Kwa niaba ya Anaeli nakupa shikamoo yake, angeitoa mwenyewe kama angekuwa macho.

Nimeshasalimia wote, sina tena pa kukimbilia, kwa hiyo naliuliza. Ulimzaa Godson, ukakaa ndani miezi mingi, hukuzaa tena. Nikiwa msichana niliwasikia wanawake wakisema umefunga kizazi, wengine wakasema mumeo ana mwingine mjini, na wewe hukuwajibu hata siku moja. Ukimya huo nimeuelewa usiku huu, nikiwa na mikono yenye damu ya mwanangu kwenye kucha.

Nilidhani nakuandikia nikuulize Mkunde alikufaje, na Elifrida alikufaje. Sivyo. Hao nimeshawajua. Nakuulizia wewe. Nani alikuwepo siku ile? Walikufanyia nini? Walikupa nini, walikulazaje, damu ilikata kwa njia gani? Usinifiche hata kitu kidogo, nitampelekea daktari neno kwa neno. Waliokufa katika nyumba yetu wananitosha, Mama Mkubwa. Ninayemhitaji ni huyo mmoja aliyepona.

Mungu akushike mkono ukiwa unasoma, na aushike na huu wa huku.

Ni mimi mtoto wako nikupendaye,
Haika