Wamebadilishana Ndalu na Tuwan

Kuka,

Sasa? Najua ungenikemea: "Mimi ni rika yako?" Basi, nakusalimu kwa heshima: mulembe, Kuka. Ni mimi mjukuu wako, yule uliyemwita profesa wa darasa la sita kwa sababu hapo ndipo shule na mimi tuliachana. Nakuandikia nikiwa kando ya kaburi lako hapa Ndalu, nimekalia kiti chako. Ndiyo, kiti chako. Si uje uninyang'anye.

Uje tu, Kuka. Hata kwa sababu ya kiti.

Habari si nzuri, na mwenye makosa ni mimi, kwa hivyo wacha nianze na makosa ya mtu mwingine. Unakumbuka hadithi yako ya Mwingereza na Mjerumani? Ulikuwa unasema "Mjelumani", nikicheka unanirushia gunzi. Ati wote wawili walikuwa wanaitamani Uganda, na njia ya kufika huko ni huku kwetu. Mwingereza akapiga kambi Mumias, halafu akatoka kwenda Mlima Elgon kuwinda ndovu. Huku nyuma barua alizoandikiwa na Kabaka, mfalme wa huko Uganda, zikafika. Mjerumani naye akatokea pale kambini, akazifungua, akazisoma, akakimbia Uganda kutia sahihi mkataba wake. Hapo ulikuwa unaninyooshea kidole: "Mtu akitoka, mambo yake yanasomwa na wengine." Mimi ninacheka mpaka naanguka. Mwingereza gani mjinga hivyo! Hadithi hiyo naijua kuliko mwalimu yeyote wa Bungoma. Sijisifu, ni ukweli tu.

Sasa sikiza. Siku ya tatu baada ya kukuzika, watu walikaa kunyoa nywele. Siku hiyo kila mwenye neno juu ya mali ya marehemu hulisema mbele ya wazee. Neno ambalo halikusemwa, limezikwa naye. Na mimi nilikuwa na langu. Uliniambia mara ngapi, "Hii sehemu ya chini, kutoka kwa mkonge mpaka mtoni, ni yako ya kulima"? Lakini tulikuwa wawili tu, mimi na wewe.

Asubuhi hiyo nikajitolea kurudisha viti vya kanisa kwa mkokoteni. Pale sokoni vijana walikuwa wanacheza mpira na hawana kipa. Na mikono yangu unaijua bana! Nikadaka penalti mbili. Kurudi nyumbani, nikakuta vichwa vyote vinang'aa na wazee wanakunywa chai. Mwenye nywele nilikuwa mimi peke yangu.

Nikajaribu kusema. Mzee mmoja akanijibu, hata bila hasira, "Kijana, umechelewa."

Nimekuwa yule Mwingereza, Kuka. Na ndovu sikupata.

Wiki jana Baba na Baba Mdogo wakakutana kwa hoteli moja Kitale, chai na chapati, wakabadilishana urithi. Baba Mdogo amechukua shamba lote la Ndalu. Baba amechukua nyumba yako ya Tuwan, huko Kitale mjini. Hawakugombana, walishikana tu mikono. Ni vile vile wakubwa walifanya huko Ulaya: Mjerumani akamwachia Mwingereza Uganda, akamwachia Zanzibar, akapewa kisiwa kidogo kwenye bahari yao ya baridi, na ule mkataba wa yule mkimbiaji ukawa karatasi ya kufungia nyama. Siwezi hata kuwachukia. Magoti ya Baba yamekwisha, na Tuwan iko karibu na hospitali.

Waliporudi nyumbani nilisimama mbele yao nikawapa hadithi yako yote, mpaka na mikono niliirusha kama wewe. Baba Mdogo akacheka akapaliwa na chai: "Huyu si ni mzee mwenyewe!" Halafu akaangalia chini. Alikukumbuka, nilimwona. Lakini walivyokata ndivyo ilivyobaki. Jumamosi tunahamia Tuwan.

Kuna kitu sikukuuliza. Kila mara ulikuwa unamalizia na wakubwa wakishikana mikono. Na watu wa huku? Asubuhi ile, wakiwa wameshapeanwa na hawajui, walifanya nini? Nilisema nitakuuliza siku nyingine. Niliona kama siku ziko nyingi.

Leo nimejijibu mwenyewe. Nafikiri waliamka wakashika majembe. Kwa hivyo nimepalilia sehemu ya chini yote mpaka mtoni, maharagwe ambayo atakula Baba Mdogo. Mistari imenyooka, Kuka, hakuna mtu Tongaren nzima anapalilia hivi. Ungepita polepole, mikono nyuma, ukisema "si mbaya". Hiyo ndiyo sifa kubwa uliyowahi kumpa mtu. Naitamani hiyo "si mbaya" kuliko hata shamba.

Pumzika, Kuka. Kila mvua ya kupanda nitakuja. Nitapiga hodi kwa Baba Mdogo kama mgeni, nimwombe panga, nikufyekee nyasi kabla sijagusa chai yake. Na watoto wangu nitawaleta, maana wasichana wa Tuwan hawataniacha hivi hivi. Hadithi nitawapa mimi. Nitasema "Mjelumani" vile vile. Lakini wakubwa wakishamaliza kushikana mikono sitanyamaza. Nitawaambia kuhusu watu wa huku, walivyoamka asubuhi hiyo.

Mjukuu wako wa Ndalu, waseme watakavyosema.